Memori Iliyokataa Kianda

Nusura nimhame mama yangu kwa sababu ya memori ya kompyuta. Watu huhama kwa sababu ya kodi, au ya mke, au ya jirani anayefungua redio kabla ya jogoo kuwika. Mimi nilifunga godoro langu kamba kwa sababu ya vijiti viwili vya memori, vyembamba kama biskuti za chai, vilivyokataa kukimbia nilivyotaka vikimbie.

Mama anaitwa Filister, na chumba chake kiko Kianda, mtaa wa hapa Nairobi, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga yenye kolido ndefu. Ukiingia humo kitu cha kwanza unachoona ni vitambaa. Mama hufuma krosheti kutwa, za kwake na za wanawake wa chama chake cha kanisani, na nyumba yake haina kitu kisichovaa. Viti vimevaa, meza imevaa, televisheni imevaa, thamosi imevaa, na mtungi wa gesi una sketi yenye marinda. Nilikuwa nikimtania kwamba siku nikikaa kimya muda mrefu nitajikuta nami nimefunikwa.

Kitu pekee kilichokuwa kikikaa uchi humo ndani ni kompyuta yangu. Siku niliyoileta nilimwambia, "Mama, hii usiguse waya wala kitufe." Akasema sawa, na mama akisema sawa huwa ni sawa. Nilidhani anaiogopa, na sikuona ubaya wake.

Niliiunda mwenyewe, kipande baada ya kipande, kutoka duka la Wanzala kule Kawangware. Wanzala ni rafiki yangu anayeuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika. Sanduku lilitoka katika ofisi iliyofungwa, ubao wa saketi ulitoka kwa jamaa aliyekuwa akicheza michezo mpaka alipooa, na zile feni mbili za juu zenye taa za samawati nilizitafuta kwa majivuno tu. Mimi nalala ng'ambo ya kolido, kwenye chumba changu kidogo, maana mwanamume wa Kiluo akishaota ndevu halali nyumba moja na mama yake. Hata mjini tunalishika hilo. Lakini chumba changu kina balbu moja na hakina soketi, kwa hiyo mashine ikakaa kwa mama, kwenye kimeza kilicho kando ya kiti ninachokalia nikinywa chai.

Mchana natengeneza simu kwenye kibanda Kawangware. Kazi ninayoipenda ni ile nyingine: kutengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa bado. Mchoraji wa majengo anayeitwa Lenah hunitumia ramani, nami namtolea nyumba nzima, jua limeingia dirishani, gari limeegeshwa, nyasi za kijani ambazo hakuna mtu Nairobi ana maji ya kuzimwagilia. Kompyuta huzipika picha hizo polepole, moja baada ya nyingine, kutwa nzima. Naweka kazi asubuhi, naenda zangu kibandani, narudi jioni nakuta imeiva. Usiku haiwezekani kwa sababu mama analala humo, na zile feni zikianza kuvuma ni kama kuna mtu anachoma mahindi kwa hasira.

Sasa, memori huja ikiwa na kasi yake iliyoandikwa. Lakini ukiingia kwenye mipangilio ya ubao unaweza kuiamuru ikimbie zaidi ya hapo, unaiongezea na volti kidogo ili ipate nguvu. Wenyewe wanaita ku-overclock. Faida yake kwa kazi yangu, nikisema kweli, ilikuwa ndogo, lakini kuna utamu wake kuchukua kitu cha mtumba na kukifanya kikimbie kuliko kipya cha mtu mwingine. Ubaya ni kwamba memori ukiisukuma kupita uwezo wake haipigi kelele. Inakosea tu. Unaipa saba ikuwekee, baadaye inakurudishia nane, uso mkavu kabisa. Kosa moja la namna hiyo likiingia kwenye picha, nyumba ya watu inatokea na madoa ya zambarau ukutani.

Kwa hiyo kuna programu ya kuipima. Inaandika na kusoma, inaandika na kusoma, ikikuta kosa inaonyesha mstari mwekundu. Niliipima jioni nzima mama akipika, hakuna hata mstari mmoja. Nilifurahi mpaka nikamsaidia kuosha vyombo, akaniuliza kama nimepata mchumba.

Kesho yake niliweka kazi ya Lenah, nikaenda. Niliporudi mama alikuwa amekwisha kumimina chai, kama kawaida yake. Huwa anavijua viatu vyangu tangu mwanzo wa kolido, na nikifika mlangoni kikombe kinatoa mvuke mezani. Tumeishi hivyo tangu baba alipofariki, kikombe chake na kikombe changu, na maneno machache ya habari za siku. Nilikaa, nikaweka kiwiko juu ya kitambaa kilichokunjwa kwenye mkono wa kiti. Kilikuwa na uvuguvugu, nikajua mama alikuwa amekaa hapo. Nikafungua picha, na sebule ya Lenah ilikuwa na madoa ya zambarau toka dari mpaka sakafu.

Nikaipunguza kasi kidogo. Nikaipima jioni: safi. Kesho yake: madoa. Nikaongeza volti. Jioni: safi. Kesho yake madoa, na Lenah akapiga simu.

"Osewe, hii nyumba ya client iko na surua?"

"Ni memori, Lenah. Naisort."

"Client ameniuliza kama hiyo ni ukungu. Nyumba haijajengwa na tayari iko na ukungu." Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Skiza, kuna estate nzima inakuja. Nataka kukupea. Lakini ikitoka hivi tena, natafuta mtu mwingine. Sitaki tukosane, nakwambia tu mapema."

Siku hiyo nililifungua sanduku, nikalipuliza ndani mpaka nikaona nyota. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira nasema na kila kilicho karibu. "Ni vumbi, Mama. Vumbi ya hii barabara inaingia mpaka ndani."

Mama aliinua macho kutoka kwenye krosheti yake. "Vumbi ndio inaiharibu?"

"Vumbi ndio adui yake mkubwa."

"Yawa," alisema, akaitazama barabara kwa jicho baya kupitia mlangoni. Kisha akarudi kwenye uzi wake.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kabisa. Zamani ilikuwa madoa. Sasa mashine ilikuwa ikijizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi, nikirudi nakuta hata picha hakuna. Na jioni, nikiwa nimekaa mbele yake na chai yangu, inapita mtihani kama mtoto wa mwalimu. Nilianza kuichukia. Nilikuwa nikizitazama zile taa zake za samawati na kuona zinanicheka.

Nikafikiria mabati. Chumba cha mama hakina siling'i, na mchana paa linakuwa kikaango. Jumapili moja nilikosa kanisa makusudi, nikaipima asubuhi mpaka jioni, jua likiwa kali, mimi mwenyewe nimevua shati. Mama alienda kanisani akarudi, akanikuta nimeikodolea macho, akaniambia nimwombe Mungu badala ya kuiangalia. Hakuna mstari hata mmoja mwekundu. Basi haikuwa mabati.

Nikakaa nikawaza. Siku za kazi inakosea, Jumapili inatulia. Ni kitu gani hapa Kianda kipo siku za kazi na Jumapili hakipo? Jibu lilikuja haraka, na kwa jinsi lilivyonipendeza sikulichunguza. Maurice, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, aliye nyuma ya ploti yetu. Mashine ya kuchomelea inavuta stima kwa nguvu, taa za jirani zinapepesa, na memori iliyosukumwa haitaki kupepeswa.

Jumatatu sikwenda kibandani kwanza. Nilimwendea Maurice nikiwa nimeshapanga maneno.

"Maurice, unaniua!"

"Nani amekuua? Si umesimama hapo?"

"Hiyo welding yako inasumbua stima ya ploti yote! Mashine yangu inajizima juu yako!"

Maurice aliinua ile kofia yake ya chuma, akanitazama kwa huruma. Ni mtu wa Busia, mpole, ana sauti ya chini. Aliniuliza kitu nisisikie. Nikamwambia aongee kwa nguvu. Akanyoosha kidole pembeni yangu, karibu na mguu wangu.

"Nasema, hiyo ni nini?"

Ilikuwa jenereta, inanguruma, inatikisika, moshi wake unanipanda suruali. Nilikuwa nimesimama kando yake muda wote nikipiga kelele kuishinda.

"Mimi sitegemei stima ya ploti," alisema Maurice. "Nanunua mafuta yangu. Jumapili nafunga kwa sababu ya kanisa. Na wewe ungeenda kanisa, Osewe."

Nilimwomba msamaha, akanipa kiti nikae nipoe. Nilipoondoka vijana wa hapo walikuwa bado wanacheka.

Basi ikabaki jambo moja. Kesho yake niliifunga mashine kwa blanketi, nikaipakata juu ya bodaboda mpaka Kawangware kwa Wanzala. Aliiweka kwenye benchi lake dukani, akairudisha kwenye kasi ile ya juu kabisa niliyoanza nayo, akaiacha ipimwe kutwa nzima nikiwa kibandani. Niliporudi alikuwa amekaa miguu juu ya stuli.

"Buda, hii mashine haina shida. Imekimbia hivyo siku nzima, haijakosea hata moja."

"Hapana. Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Shida iko kwenu." Akasema jinsi daktari anavyosema. "Stima ya kwenu, joto ya kwenu, sijui. Memori imekataa Kianda. Lakini huko mtaa wa Satellite kuna chumba, juu ya duka ya shangazi yangu. Soketi safi, siling'i, kila kitu. Uko karibu na kazi pia."

Nilikubali papo hapo, kwa hasira tu. Njiani nikirudi nilijiambia hakuna ubaya. Mwanamume wa umri wangu anapaswa kuwa na pake. Lenah ana kazi ya estate nzima. Satellite si ng'ambo ya bahari. Nilijiambia hayo yote, na kila nililojiambia lilikuwa kweli, na moyo wangu haukutaka hata moja.

Chai ilikuwa tayari. Sikukaa.

"Mama, nimejua shida. Shida ni hii nyumba."

Aliweka krosheti yake mapajani. "Nyumba imefanya nini?"

"Inaikataa mashine. Kwa Wanzala imekaa sawa siku nzima. Hapa haikai. Nimepata chumba Satellite."

"Cha mashine?"

"Cha mimi na mashine. Siwezi kuiacha huko peke yake."

Mama alitazama huku na huku ndani ya chumba chake, viti, meza, thamosi, kama mtu aliyeambiwa amesahau kufagia mahali. Nilitaka abishane. Mama anabisha na mwenye ploti, anabisha na mchungaji, mara moja alibisha na mtangazaji wa redio mpaka taarifa ikaisha. Kwangu alisema tu, "Basi fuata kazi yako, nyathina, mwanangu. Kunywa chai." Nikainywa nimesimama.

Siku za kungojea Jumamosi, siku ya kuhama, sikuweka kazi yoyote. Kila jioni vikombe vilikuwa viwili bado, lakini habari za siku zilikuwa zimepungua. Nikifikiria juma litakalofuata, kolido ikiwa kimya na mama akimimina kikombe kimoja, nilikuwa nikipata kitu cha kurekebisha haraka, hata kama hakijaharibika.

Jumamosi Wanzala alikuja na mwenye mkokoteni. Godoro langu lilikuwa limefungwa kamba, nguo kwenye mifuko miwili, sufuria zangu kwenye beseni, vyote vimepangwa mlangoni kwa mama. Yeye alikuwa amevaa nguo za kanisani, kana kwamba nasafiri mbali. Alinipa omena, dagaa wakavu, akanipa unga wa wimbi, akanipa maagizo kuhusu watu wa Satellite ambao hajawahi kukutana nao. Nilipoinama kuanza kuchomoa waya za kompyuta, akasema, "Ngoja. Usisahau nguo yake."

Alikichukua kile kitambaa kilichokunjwa kwenye mkono wa kiti, akakikung'uta, kikafunguka. Sikuwahi kukiona kimefunguka. Hakikuwa kitambaa cha kiti. Kilikuwa mfuko mkubwa mweupe wenye maua ya samawati, rangi ileile ya taa za feni zangu, umefumwa kwa kipimo cha sanduku la kompyuta yangu, pande zote na juu, mpaka chini. Nyuma kulikuwa na tundu la waya, limepindwa vizuri. Ndani kulikuwa na bitana ya satini, nzito, imeshonwa mara mbili.

"Huko kuna vumbi kushinda hapa," mama alisema, akikivisha juu ya mashine na kukivuta chini pande zote kama anavyovuta sketi ya mtungi wa gesi. Kiliingia barabara. "Ukitoka tu kwenda kazi, unaifunika hivi. Mimi ukishatoka naifunika. Nikisikia viatu vyako kwa kolido nakitoa, nakikunja, ndio ukifika ukute iko tayari. Sijagusa waya. Sijagusa kitufe."

Wanzala alianza kucheka, nikamtazama, akaacha.

"Hii bitana," nilisema. "Ulitia lini?"

"Venye ulisema vumbi ndio inaiharibu. Ya kwanza ilikuwa na mashimo ya krosheti tu. Nikaona vumbi itapita."

Nilikaa kwenye kiti. Nilikigusa kile kitambaa juu, pale ambapo feni zangu mbili hutoa hewa ya moto, nikakumbuka kiwiko changu na ule uvuguvugu wa kila jioni. Jumapili ile niliyokuwa nyumbani, hakikuvalishwa. Kwa Wanzala hakikuwepo. Siku niliyolaumu vumbi ndiyo mama alizidisha, na siku iliyofuata mashine ikaanza kujizima.

Ningeweza kunyamaza, nikapakia, nikaenda. Labda ingekuwa heshima zaidi. Lakini mama alikuwa ameshaniona uso.

"Ni nini, Osewe?"

Niliwasha mashine, ikiwa imevaa hivyohivyo, nikaanzisha programu ya kupima. Mama akavuta stuli yake akakaa karibu. Wanzala akabaki mlangoni na mwenye mkokoteni, kila mmoja na mfuko wangu mkononi. Feni zilianza kuvuma chini ya satini, sauti yao imezibwa, na baada ya muda mstari mwekundu ukatokea. Kisha mwingine. Kisha ikaja kwa pamoja.

"Hizo nyekundu ni nini?"

"Ni makosa."

"Yangu?"

"Yake."

"Usinidanganye."

"Ni joto, Mama. Nimeifanya ikimbie sana, na ikikimbia inatoa jasho, na hewa inatokea hapa juu. Ikifunikwa inachemka. Ikichemka inakosea."

Mama alitazama mikono yake. "Kwa hivyo ni mimi nimekufukuza."

Nimetukanwa na wateja, nimechekwa na vijana wa Maurice, lakini hakuna kilichonichoma kama hilo. Nilimwambia hapana. Nilimwambia nimemuuliza Wanzala, nimemuuliza Maurice, nimeuliza watu wa mtandaoni wasioijua hata Kenya iko wapi. "Wewe unakaa nayo kutwa, na sikukuuliza. Nilikuambia tu usiguse."

"Ungeniuliza ningekuambia," mama alisema. "Haikuwa siri."

"Basi tuiache bila nguo," Wanzala alisema kutoka mlangoni, akidhani anasaidia. "Ikae tu hivyo. Itakuwa sawa."

Mama alimgeukia kwa jicho lile analowapa wenye ploti na wachungaji. "Wamama wa chama wanaingia hapa kila wiki. Kila kitu wanakuta kimevaa. Hiyo peke yake ikae uchi, na ndio inatuletea kazi? Wewe ukienda kazi unaenda uchi?"

Wanzala akasema hapana, mama.

Nilimtazama Filister, na macho yangu yakalowa, sioni haya kusema. Miezi yote hiyo nilidhani anaiogopa mashine yangu. Kumbe alikuwa ameihesabu kuwa mtu wa nyumbani, akaitafutia uzi wa rangi ya macho yake. Mashine ni yangu na kasi ni yangu, ningeweza kusema hapana. Niliizima ili ipoe, nikaiwasha, nikaingia kwenye mipangilio ya ubao, nikairudisha memori kwenye kasi yake iliyoandikwa. Nikatoa volti nilizoongeza. Vidole vilikataa kidogo pale, maana nilikuwa nimeitafuta kasi ile kwa muda mrefu. Wanzala alinyoosha shingo kuona.

"Buda, unaishusha mpaka huko? Hiyo ni kutupa."

"Nakaa nayo hapo."

Mama alikuwa tayari na mkasi. Aliufungua ule mshono wa satini polepole, uzi kwa uzi, mpaka bitana yote ikatoka. Akaniuliza, "Inapumua wapi hasa?" Nikamwonyesha mahali pa feni zote mbili. Akalitazama ua kubwa la juu, akalifumua katikati, akaanza kulifuma upya kwa matundu mapana ambayo vidole vyangu vingepita, akalitoa kama duara la petali tupu. Kisha la pili. Mwenye mkokoteni akalalamika kwamba jua linapanda, Wanzala akamwambia aende tu, kisha naye akaenda kutafuta chakula. Hakuna aliyemwambia arudi au asirudi.

Tuliivalisha mashine. Matundu yale yakaangukia juu ya feni sawasawa, na taa za samawati zikaonekana katikati ya maua. Nikaanzisha kipimo upya. Tukakaa, mimi kwenye kiti changu na yeye kwenye stuli, tukiitazama skrini pamoja kama watu wanaosubiri matokeo. Paa lilikuwa limeshaanza kuwaka. Mama alinyanyuka mara moja kuweka chai, mara moja kumfungulia jirani aliyeleta sufuria, na kila mara alirudi akauliza, "Bado?" nami nikajibu bado. Hakuna mstari mwekundu uliotokea. Nilikuwa nikiweka kiganja juu ya maua na kuhisi hewa ya moto inapita vizuri kati ya nyuzi.

Picha za Lenah zilitoka juma lililofuata, zimechelewa kwa muda wa mtu kunywa chai na kurudia kikombe, na hazikuwa na doa. Lakini hiyo ilikuja baadaye. Jumamosi ile sikuwa namfikiria Lenah. Nilikuwa nimekaa nimelipa mgongo godoro lililofungwa kamba na beseni la sufuria mlangoni, na mama tangu asubuhi hakuwa amevitazama vitu hivyo hata mara moja.

Kipimo kilimalizika jioni, mwanga ukiwa umeanza kupungua kolidoni. Niliinamia skrini nikasoma, nikasoma tena.

"Imesemaje?" mama aliuliza.

"Hakuna kosa."

"Na nguo yake?"

"Na nguo yake."

Mama alimimina chai kwenye vikombe viwili, akaweka changu mahali pake kando ya mashine, akaketi. Ndipo akageuka, akaitazama ile mizigo mlangoni kwa mara ya kwanza.

"Basi fungua godoro," alisema. "Limebanwa siku nzima."